Mjadala: Mkataba wa Victoria na wenyeji wa asili una uzito gani, ikiwa waliouzungumza walichaguliwa na wachache?

MkaziShepparton (mleta mada)

Wadau, salaam.

Mada hii tumekuwa tukiigusagusa kwenye harusi na misiba yetu huku Australia, kisha kila mtu anaondoka na lake. Naomba tuijadili vizuri.

Tarehe 13 Novemba 2025, mjini Melbourne, Waziri Mkuu wa jimbo la Victoria, Jacinta Allan, alitia saini mkataba na wenyeji wa asili wa jimbo hili. Upande wa pili walisaini Ngarra Murray na Rueben Berg, wenyeviti wenza wa First Peoples' Assembly of Victoria, baraza la wawakilishi ambao Waaborijini wamewachagua wenyewe. Tangu Waingereza watie nanga 1788, ni mara ya kwanza serikali yoyote ya Australia kufika hapo. New Zealand wana mkataba wa Waitangi tangu 1840 na Kanada wana mikataba chungu nzima. Huku hapakuwa na hata mmoja unaotambuliwa.

Wanaoupinga wana hoja mbili nzito, nami sitaki kuzipita juu juu. Kwanza, baraza hilo lilipochaguliwa mara ya kwanza mwaka 2019 zilipigwa kura kama 2,000 hivi, na wenye haki ya kupiga walikadiriwa 30,000. Asilimia saba. Pili, tarehe 14 Oktoba 2023 nchi nzima iliulizwa kwenye kura ya maoni kama Waaborijini wapewe chombo chao cha kushauri bunge la shirikisho, na karibu asilimia 60 wakasema hapana. Hata hapa Victoria "hapana" ilishinda. Kwa hiyo watu wanauliza: wenyeji wenyewe hawakujitokeza, wananchi wengine walikataa, huu mkataba ni wa nani?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mkataba una uzito, na uzito huo umetokana na kazi ya wale wawakilishi ambayo haionekani kwenye hesabu ya kura. Tazameni kwanza ile asilimia saba ilitoka wapi.

Victoria ndilo koloni lililotangulia mengine Australia kutunga sheria ya kumbana Mwaborijini kila upande. Sheria ya 1869 iliipa serikali mamlaka ya kupanga akae wapi, afanye kazi gani, na watoto wake walelewe na nani. Ya 1886 ikawafukuza kwenye makazi ya hifadhi watu wenye damu ya mchanganyiko, hata kama mama au kaka amebaki ndani. Kwa bibi mwenye miaka themanini leo, jina lake kuandikwa ofisini halijawahi kumletea heri. Halafu unamwendea na fomu unamwambia, bibi, jiandikishe upige kura.

Niliwahi kumwona mwakilishi mmoja akiifanya kazi hiyo hapa mjini, Jumamosi ya baridi, pembeni ya uwanja wa mpira. Meza ya kukunja, chupa ya chai, fomu zimewekewa jiwe zisipeperuke. Mama mmoja mtu mzima akaja akauliza, "Hii orodha mnampelekea nani?" Akajibiwa kwamba haiendi serikalini, daftari ni la baraza lenyewe. Mama akauliza tena swali lile lile. Akajibiwa tena, kwa upole ule ule. Hakujiandikisha siku hiyo. Wakahamia kwenye habari za mjukuu aliyekuwa uwanjani na goti lake bovu, na yule mwakilishi akaondoka na namba ya simu ya mtu wa kumsaidia mtoto apate tiba. Nani ataihesabu saa ile kwenye takwimu za uchaguzi?

Mwenyekiti mwenza wa kwanza wa kike, Geraldine Atkinson, ni mzee wa mataifa ya wenyeji ya Wabangerang na Wawiradjuri. Alianza kama msaidizi wa mwalimu hapa Shepparton miaka ya 1970, akakaa kwenye elimu ya watoto wa Kiaborijini zaidi ya miaka arobaini. Huku wote wanamwita Aunty, kama sisi tunavyosema mama au shangazi kwa mtu ambaye hatujazaliwa naye. Alipokwenda na Marcus Stewart kuongoza kikao cha kwanza cha baraza, Desemba 2019, ndani ya jengo la bunge la Victoria, hakuwa mgeni aliyeokotwa na serikali. Kabla yao, Jill Gallagher, Mgunditjmara, alikuwa kamishna wa kuandaa njia ya mkataba, naye alizunguka jimbo zima kusikiliza watu. Mambo haya yalianza na mikutano ya wenyeji wenyewe mwaka 2016, wakabaki wanavutana, wanagombana, wanarudi mezani. Wapo waliosusa moja kwa moja: mwaka 2019 shirika la Wayorta Yorta, wenyeji wa eneo letu hili, lilikataa kuchukua kiti lilichotengewa. Baraza likaendelea likijua kwamba kuna watu wamekaa nje, na ikabidi liwafuate.

Na kwa nini walioko Shepparton wawe na hasira ya muda mrefu? Kati ya mji wetu na Mooroopna kuna bonde la mafuriko la mto Goulburn, wenyeji wanauita Kaiela. Mnaokuja kufanya kazi ya kuchuma pea mnalipita kila siku. Februari 1939 familia za Cummeragunja, makazi ya hifadhi ng'ambo ya mto Murray, zilichoshwa na njaa na ubabe wa msimamizi, zikafunga mizigo na kuvuka mto kuingia Victoria. Nyingi ziliishia kwenye bonde hilo, kwenye vibanda vya mabati na magunia, na mto ukifurika wanahama. Malkia Elizabeth alipopita hapa 1954, pazia za magunia zilitundikwa kando ya barabara ili asiwaone. Waliofichwa siku ile, wapo walio hai. Watoto wao ndio wanaoombwa leo waamini kwamba serikali imekuja kuzungumza kwa nia njema.

Mkataba wenyewe una nini? Unalifanya baraza kuwa chombo cha kudumu chini ya taasisi mpya inayoitwa Gellung Warl. Litashauri bunge na mawaziri kwenye mambo yanayowagusa wenyeji, litawauliza mawaziri maswali, kutakuwa na chombo cha kufuatilia kama serikali inatimiza ahadi zake, na kingine cha kuendeleza kusema ukweli wa historia, mpaka mashuleni. Haliwezi kuzuia sheria. Halina kura bungeni. Mkataba haumpi mtu fidia mkononi, na haumnyang'anyi mtu kiwanja.

Haya, wadau. Uwakilishi wa namna hii unatosha kuifunga serikali? Karibuni, tujadili kwa hoja.

Kura_Moja

Mleta mada, heshima yako. Umeandika kwa uchungu na nimekusoma mpaka mwisho. Mimi nipo Melbourne, ni raia, na 2023 nilipiga kura ya hapana. Naeleza kwa nini, maana tukisema hapana tunaitwa wabaguzi na mjadala unaishia hapo.

Nimetoka Burundi. Naijua serikali inapoanza kumwandika mtu kwa asili yake, huyu apite mlango huu na yule mlango ule. Sisi kwetu tumezika watu kwa ajili ya hilo. Nilipokula kiapo cha uraia hapa, kilichonigusa ni kwamba mimi niliyeshuka kwenye ndege juzi na yule ambaye babu yake alizaliwa hapa tuna kura moja sawasawa. Leo mnaniambia kuna raia wana bunge la kawaida na wana chombo kingine juu yake. Waaborijini wanapiga kura kama mimi, wanagombea, wapo wabunge na maseneta wao Canberra. Kwa nini hiyo isitoshe?

Na hata ile tume yao ya ukweli, Yoorrook, ilipotoa ripoti ya mwisho katikati ya 2025, makamishna watatu kati ya watano hawakuidhinisha kuingizwa kwa matokeo yake makuu. Wenyewe hawakukubaliana, mnataka sisi tukubali?

Umaskini wao nauona, na moyo unaniuma. Jengeni hospitali, ajirini walimu, toeni nyumba kwa mwenye shida. Mpeni mtu kwa sababu ana shida, msimpe kwa sababu ya ukoo.

Mlaikipia

Shikamooni wakubwa. Mimi niko Kenya, sijawahi kufika huko, lakini neno "mkataba" likitajwa sisi Wamaasai tunasogea karibu, maana tunao wetu.

Mwaka 1904 Waingereza walikaa na Olonana na wazee wengine wakaandikiana kwamba tuache Bonde la Ufa, tupewe Laikipia na eneo la kusini, na kwamba makubaliano yatadumu muda wote ambao Wamaasai watakuwapo duniani. Muda wote! Ilipofika 1911 walowezi walishaitamani Laikipia, ikaandikwa karatasi nyingine, tukahamishwa na ng'ombe wetu, watu na mifugo wakafia njiani. Wazee wakaenda mahakamani Mombasa mwaka 1913. Kesi ikatupwa.

Swali langu kwa mleta mada ni moja tu. Wazee wetu walioweka alama ya dole kwenye karatasi ile, nani aliwatuma? Mpaka leo kuna koo zinasema Olonana hakuwa na mamlaka ya kusema kwa niaba ya wote. Mzungu alitafuta mtu mmoja wa kusaini kwa sababu ni rahisi. Kwa hiyo mtu akiniambia asilimia saba, mimi sicheki, naogopa. Je, hao wenyeviti wenza wana tofauti gani na mzee aliyeitwa kwenye hema ya gavana?

MkaziShepparton

Ndugu Mlaikipia, swali lako ndilo ninalolitaka kwenye uzi huu.

Tofauti ya kwanza: Olonana hakuwa na njia ya kuondolewa. Baraza hili lilichaguliwa 2019, likachaguliwa upya 2023, na uongozi ukabadilika. Geraldine Atkinson na Marcus Stewart wakatoka, Murray na Berg wakaingia. Waliojitokeza mara ya pili waliongezeka sana. Kijana wa miaka 16 anapiga kura. Mkataba ulizungumzwa na waliochaguliwa mara hiyo ya pili, kuanzia Novemba 2024, na mambo ya kudai walikuwa wameyakusanya kwenye mikutano ya watu kwanza.

Ya pili: hakuna ardhi iliyotolewa. Wazee wenu waliitwa wasaini kuondoka. Hapa hakuna Mwaborijini aliyesaini kwamba ameachia chochote, na kila taifa la wenyeji, iwe Wagunditjmara au Wadja Dja Wurrung, bado lina haki ya kuzungumza mkataba wake lenyewe na serikali kuhusu eneo lake. Hilo lilisimamiwa tangu mwanzo, kwa sababu ile hofu uliyoitaja ndiyo waliyokuwa nayo. Lidia Thorpe, mwanamke wa kwanza wa Kiaborijini kuingia bunge la Victoria mwaka 2017, aliukosoa mchakato huu akitaka koo na mataifa yenyewe yashike usukani. Mimi naona kelele za watu kama yeye zimesaidia. Bila hizo baraza lingejisahau.

Mzee akisaini akiwa peke yake hemani, hakuna wa kumuuliza akirudi. Hawa wanarudi kwenye ule uwanja wa mpira kila Jumamosi.

Wakili_Pwani

Naomba niingie kwenye sheria kidogo, kwa sababu kesi ya 1913 na historia ya Victoria zina uhusiano wa karibu kuliko mnavyodhani.

Victoria iliwahi kuwa na mkataba. Juni 1835 John Batman, mfanyabiashara kutoka Tasmania, alikutana na wazee wa Kulin, wenyeji wa eneo hilo, karibu na pale ilipo Melbourne leo, akadai wamemwachia ardhi ekari laki kadhaa kwa mablanketi, visu, shoka, mikasi, vioo na unga, na malipo mengine kila mwaka. Ulikuwa wizi, hilo halina mjadala, na wazee wale huenda walielewa kwamba wanampa ruhusa ya kupita tu. Lakini angalieni namna Gavana Richard Bourke alivyoufuta mwaka ule ule. Hakusema wenyeji wamepunjwa. Alisema ardhi ni ya Mfalme wa Uingereza, kwa hiyo wenyeji hawana cha kuuza wala cha kukubaliana.

Sasa nendeni Mombasa 1913. Mahakama ya Waingereza haikusema Wamaasai hawakuwa na kitu. Ilisema Wamaasai wana mamlaka yao, hivyo makubaliano yao na Mfalme ni mambo baina ya mataifa mawili, na mahakama ya ndani haiwezi kuyagusa. Melbourne unanyimwa haki kwa sababu wewe si taifa. Mombasa unanyimwa kwa sababu wewe ni taifa. Ufalme ule ule, sheria ile ile.

Australia ilichukua mpaka 1992, kwenye kesi ya ardhi ya Mabo, mahakama kuu kukiri kwamba nchi haikuwa tupu. Mtu angedhani mambo yamekwisha. Wayorta Yorta, hao hao majirani wa mleta mada, wakapeleka madai ya ardhi yao. Jaji akasema mawimbi ya historia yamekwishaifutilia mbali mila waliyoitegemea, na mwaka 2002 mahakama kuu ikawakatalia rufaa. Yaani serikali ilikuondoa kwenye ardhi, ikakukataza lugha yako, kisha ikakwambia huna tena uhusiano na ardhi kwa sababu uliondoka. Ukiwa umepitia hayo, mahakamani utarudi kufanya nini? Njia iliyobaki ni kuzungumza.

Ndugu Kura_Moja, hapa ndipo nisipokubaliana nawe. Mkataba haumpi mtu haki kwa sababu ya damu. Unahusu makubaliano ambayo yalitakiwa kufanyika 1835 na hayakufanyika. Mimi ni mtu wa Pwani. Ukanda wetu uliendeshwa kwa mkataba wa Sultani wa Zanzibar na Waingereza wa 1895, na kabla ya uhuru wa Kenya 1963 watu walikaa mezani upya kuumaliza. Hakuna aliyesema ni ubaguzi kwa sababu unamhusu Sultani.

Lakini nimtahadharishe mleta mada pia. Mkataba huu umesimama juu ya sheria ya kawaida ya jimbo. Oktoba 2025 muswada wake ulipita baraza la juu la bunge kwa kura 21 dhidi ya 16. Bunge jingine likiwa na wingi wa kutosha linaweza kuifuta sheria hiyo mchana mmoja. Mambo hayo yametokea Queensland: sheria ya njia ya mkataba ilipitishwa 2023, chama kingine kikashinda Oktoba 2024, na kabla ya mwaka kwisha sheria haipo, na tume yao ya ukweli imefungwa.

BintiKigoma

Mimi ni muuguzi, nafanya kazi huku mashambani Victoria. Nawasoma wote lakini naona mnaongea kama vile Waaborijini wenyewe wana sauti moja.

Ninaye mwenzangu kazini, Mwaborijini, tunakula chakula cha mchana pamoja. Siku mkataba unasainiwa nilimpongeza. Akanishukuru, halafu akasema, "Dada, ardhi iko wapi humo?" Hakujiandikisha 2019 wala 2023. Anasema baraza linalolipwa na serikali litaogopa serikali, na kwamba yeye hajawahi kuikabidhi nchi yake kwa mtu ili leo aombe nafasi ya kushauri. Sikuwa na la kumjibu, na naamini kuna wengi kama yeye ndani ya ile asilimia tisini na tatu. Kutojitokeza kwao ni msimamo. Msiwahesabu kama watu waliolala.

Lakini pia naona kazini kitu ambacho Kura_Moja hakioni. Mama wa Kiaborijini anakuja kujifungua, na kinachomtia hofu zaidi ya uchungu ni mtu wa ustawi wa jamii. Watoto wao wanachukuliwa na serikali mara nyingi kupita wengine, leo hii, sisemi enzi za 1869. Wengine wanachelewa kliniki kwa sababu hiyo. Unasema jengeni hospitali. Hospitali ipo, kaka. Nipo ndani yake. Mama amekaa kwenye gari nje, haingii.

Palipo na kliniki inayoendeshwa na Waaborijini wenyewe, anaingia. Dawa ni ile ile, kipimo ni kile kile. Ndiyo maana nikiambiwa kuna chombo chao cha kumuuliza waziri wa watoto maswali mbele ya watu, nakitaka, hata kama mwenzangu ana haki ya kusema hakitoshi.

MzeeWaDandenong

Wanangu, marahaba. Nimekaa nchi hii tangu miaka ya tisini. Nawauliza jambo dogo. Sisi tulipokelewa na serikali hii. Ndiyo iliyotutoa kambini, ikatupa makaratasi, watoto wakasoma. Sasa mgeni anaingiaje kwenye ugomvi wa mwenye nyumba na ndugu zake? Busara ni kukaa kimya.

MkaziShepparton

Shikamoo mzee. Nakuheshimu, lakini kwa heshima hiyo hiyo naomba nikatae. Sisi tuna uraia na kura. Mwaka 2023 tulipiga, kila mmoja wetu aliyeandikishwa, maana kutopiga ni faini. Novemba 2026 tutapiga tena uchaguzi wa jimbo, na upinzani umetangaza kwamba ukishinda utaufuta mkataba ndani ya siku 100. Ni upinzani huo huo uliounga mkono kuundwa kwa mamlaka ya kusimamia mazungumzo mwaka 2022, kisha Januari 2024 ukageuka. Kwa hiyo kukaa kimya hakupo, mzee. Karatasi ya kura itakuuliza.

Na aliyetupokea ni nani? William Cooper, mzee wa Wayorta Yorta, baada ya Wayahudi kuchomewa maduka na masinagogi Ujerumani Novemba 1938, aliongoza watu wake mwezi uliofuata mpaka ubalozi mdogo wa Ujerumani hapa Melbourne na barua ya kulaani. Yeye mwenyewe alikuwa amezungusha maombi kwa Mfalme wa Uingereza miaka kadhaa, akitaka watu wake wapate angalau mbunge mmoja, na serikali ya Australia ikakataa kuyafikisha kwa Mfalme. Mtu asiye na mbunge wa kumsemea aliwasemea Wayahudi wa nchi ya mbali. Sisi tuliotoka makambini tunajua maana ya mtu wa mbali kukutaja.

BintiKigoma, mwenzako ana haki, na swali lake la ardhi halijajibiwa na mkataba huu. Ninachomwomba mtu kama yeye ni kwamba abaki kulisumbua baraza hata kama halipigii kura. Ile hofu yake ya baraza kuogopa serikali ni halali.

Kura_Moja ndugu yangu, kuhusu Yoorrook. Ni kweli makamishna watatu hawakuidhinisha matokeo makuu. Lakini usiishie hapo. Tume ilisikiliza watu kwa miaka minne. Waziri Mkuu mwenyewe alikwenda kuhojiwa mbele yake Aprili 2024, jambo ambalo halijapata kutokea. Ripoti inaeleza namna idadi ya wenyeji ilivyoporomoka kutoka makadirio ya watu 60,000 hadi 15,000 ndani ya miaka isiyozidi ishirini, kufikia 1851. Naibu mwenyekiti, Travis Lovett, alitembea kwa miguu kutoka Portland, ambako walowezi walianzia, mpaka kwenye ngazi za bunge Melbourne, karibu kilomita 500, Mei na Juni 2025, na njia nzima watu wa kila rangi waliungana naye. Ningefurahi kama ungesoma hata sura moja, kisha uniambie kama bado unaona ni suala la umaskini tu.

Nami nimeguswa na habari ya Burundi. Hofu yako ina makaburi nyuma yake na sitaipuuza. Ila kule kwenu, aliyekuwa na madaraka ndiye aliyewaandika watu ili awakate. Hapa wanaojiandikisha ni wale waliokatwa, kwenye daftari lao, kwa hiari yao, na anayekataa haguswi.

Kura_Moja

Hilo la hiari nalipokea, na nitasoma ripoti. Msimamo wangu kuhusu vyombo viwili haujabadilika. Lakini nijibu na wewe. Tuseme Novemba 2026 upinzani unashinda, watu wamesikia kila kitu, na bunge linaifuta sheria kwa kura halali. Utasema demokrasia imefanya kazi, au utasema tumewaonea?

MkaziShepparton

Yote mawili, na sitayumba. Bunge lina mamlaka ya kufuta sheria liliyoitunga. Anayesema halina atakuwa anadanganya, na Wakili_Pwani ametuonyesha Queensland. Lakini kuna sheria na kuna mkataba. Sheria ni ya bunge peke yake. Mkataba una saini za pande mbili, na upande wa pili hauko bungeni. Kwa hiyo ninachotaka, wapigakura wenzangu, ni tuwaulize wagombea wote watakaogonga milango yetu, wa chama chochote: kabla hujainua mkono kuufuta, uliketi lini na wenyeviti wenza, wapi, na walikujibu nini? Asiye na jibu la swali hilo mimi simpi kura, hata kama tunakubaliana naye kwenye kodi na barabara.

Mlaikipia, bado nasubiri utueleze kilichowapata walioshtaki baada ya 1913. Najua rufaa nayo ilitupwa mwaka ule ule. Wazee wenu waliamua nini baada ya hapo?